Kuishi Phagwara: Mji wa Viwanda Ambako Kila Ukoo Una Mtu Ng'ambo

"Wewe natoka wapi? Mombasa?" Niliulizwa hivyo na mzee mwenye kilemba kwenye foleni ya benki, wiki yangu ya pili Phagwara, mji wa jimbo la Punjab, India. Alizaliwa Nakuru, mtoto wa fundi seremala. Tangu dakika ile shida yangu ya kufungua akaunti ikawa shida yake.

Usishangae likikupata na wewe. Mafundi wengi waliojenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901, na waliowafuata baadaye, walitoka Punjab, wengine katika vijiji vya ukanda huu wa Doaba, kati ya mito Beas na Sutlej. Ndio kina Kalasinga wetu. Baada ya uhuru wengi walihamia Uingereza, na vijijini hapa utaona matangi ya maji juu ya mapaa yamejengwa kwa umbo la ndege au mpira wa miguu: fedha za ng'ambo hizo.

Mji wenyewe si wa kupigia picha. Umekaa kwenye barabara kuu ya GT, Jalandhar upande mmoja na Ludhiana upande wa pili, na umekua kwa sukari, wanga na nguo. Kiwanda cha nguo cha JCT kilikuwa na timu ya mpira wa miguu iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa ya India, msimu wa 1996/97. Ilivunjwa mwaka 2011 na wazee bado wanaisikitikia. Karibu na kiwanda cha sukari ujue jambo moja: wakulima wa miwa wakidai malipo yao hukaa barabarani, na basi lako halitapita. Ukiwa na ndege ya kuwahi Amritsar au Delhi, ulizia mapema.

Wengi wetu tunafika kwa ajili ya chuo kikuu cha Lovely, nje kidogo ya mji, na tunapanga Law Gate, mtaa ulio kwenye lango la chuo, kwenye vyumba viitwavyo PG (paying guest). Kabla ya kutoa amana, muulize mwenye nyumba kama atakujazia fomu ya mgeni, iliyozoeleka kama fomu C, ile ya kuitaarifu serikali kwamba amempokea mgeni. Akikwepakwepa, ondoka. Mwenye viza ya zaidi ya siku 180 hujiandikisha kwa njia ya mtandao ndani ya siku 14 tangu kuingia nchini, na bila karatasi za nyumba utakwama. Mimi nilichelewa kwa sababu ya mwenye nyumba mmoja mwenye maneno matamu, sitaki yakukute.

Kuta zote zimejaa mabango ya mawakala wa viza za Kanada na Ujerumani. Mji unaosafirisha watu wake haukosi matapeli, na wakala anayekuahidi viza "ya uhakika" anakuona wewe kama anavyomwona kijana wa Kipunjabi: mfuko unaotembea. Pasipoti usimwachie mtu.

Ukarimu upo, ubaguzi nao upo. Mwaka 2012 mwanafunzi kutoka Burundi alipigwa Jalandhar hadi akapoteza fahamu, alifariki 2014. Usiku tembeeni zaidi ya mmoja, na namba za viongozi wa wanafunzi wa nchi yako uwe nazo kichwani, si kwenye simu tu.

Desemba na Januari ukungu huwa mzito hata treni huchelewa kwa masaa, na nyumba hazina joto. Masweta na mablanketi yanatengenezwa Ludhiana, jirani tu, kwa hiyo usibebe makoti kutoka nyumbani. Miezi hiyo ndiyo pia ya harusi, jamaa wa ng'ambo wanaporudi. Ngoma hadi usiku wa manane, na bei ya teksi huwa ya watu wenye pauni.

Ukiishiwa fedha, gurdwara lolote, yaani nyumba ya ibada ya Kalasinga, litakulisha bure. Vua viatu, funika kichwa, kaa chini na wenzako, chapati ipokee kwa mikono miwili. Hakuna atakayekuuliza dini.

Na ugali? Wapunjabi hula mikate ya mahindi kwa mboga ya majani ya haradali wakati wa baridi, basi unga huuzwa kila duka: ulizia makki da atta. Ni wa njano, na ugali wake huchukua muda kushikana, lakini ni ugali. Usinunue wa kukaa nao sana. Joto la Mei likianza, wadudu watakutangulia.