Sauti, printa na sudo kwenye Ubuntu na Mint: soma hapa kwanza kabla ya kuuliza

Maswali ni yale yale kila wiki: spika kimya, printa imeganda, "mashine yangu hainitambui kama admin". Majibu yote nayaweka hapa. Yanahusu Ubuntu 22.04 na 24.04, na Linux Mint 21 na 22.

1. Sudo

Sudo ni amri inayokupa nguvu za msimamizi (admin) wa mashine. Fungua teminali (dirisha la kuandikia amri), andika `groups`. Ukiona `sudo` kwenye orodha, wewe ni msimamizi. Kwenye Ubuntu nenosiri halionekani unapoliandika. Andika tu, bonyeza Enter.

Kumpa mtu usimamizi: `sudo usermod -aG sudo asha` (mahali pa `asha` weka jina la mtumiaji).

Hapo kwenye `-aG` tulia. Hiyo `a` ndogo ndiyo inayoongeza kundi juu ya yaliyopo. Ukiiacha ukaandika `-G` peke yake, mfumo unafuta makundi yote ya ziada na kubakiza ulilotaja tu. Ndivyo watu wanavyojifungia nje: mtu anataka kusimamia printa, anaandika `sudo usermod -G lpadmin asha`, na hapo hapo ametolewa kwenye kundi la sudo. Hashtuki, kwa sababu kikao alichomo bado kina makundi ya zamani na sudo inaendelea kukubali. Akizima na kuwasha, mlango umefungwa. Kwa hiyo kila ukigusa makundi, kabla ya kutoka andika `id asha`, jina likiwemo. `id` bila jina inakuonyesha kikao cha sasa; ukiweka jina inasoma kumbukumbu halisi ya mfumo. Kama sudo haimo, rudisha sasa hivi ukiwa bado ndani: `sudo usermod -aG sudo,adm,lpadmin,cdrom,dip,plugdev asha`.

Umeshazima? Washa, na ili menyu ya kuwashia (GRUB) itokee, shikilia Shift (mashine za zamani, za BIOS) au bonyeza Esc mara moja (za kisasa, za UEFI). Ukirudiarudia Esc utaangukia kwenye mstari wa `grub>`. Chagua "Advanced options", kisha mstari wenye "recovery mode", kisha "root" (msimamizi mkuu wa mfumo). Diski hapo inaweza kuwa ya kusomwa tu, hivyo anza na `mount -o remount,rw /`, halafu `usermod -aG sudo asha`, halafu `reboot`.

ONYO: faili `/etc/sudoers` lihaririwe kwa `sudo visudo` tu, kwa sababu inakagua uandishi kabla ya kuhifadhi. Na usithubutu `chmod -R 777` kwenye `/usr` au `/etc`. Sudo ikikuta ruhusa zake zimechezewa inakataa kufanya kazi, na haitakuwa faili moja la kurekebisha, ni maelfu.

2. Sauti

Kwenye mipangilio ya sauti hakikisha hujachagua HDMI (hiyo hupeleka sauti kwenye TV au skrini ya nje).

Kisha `alsamixer`, F6, chagua kadi yako. Chini ya Master na Speaker ukiona MM, imezimwa. Bonyeza M iwe 00. Kama spika hunyamaza na hakuna kitu kwenye tundu la hedfoni, weka Auto-Mute Mode iwe Disabled.

Bado? Washa upya huduma, BILA sudo. Ubuntu 22.04 na Mint 21: `systemctl --user restart pulseaudio`. Ubuntu 24.04 na Mint 22: `systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`.

Ukiona "Dummy Output" (yaani mfumo haujapata kadi ya sauti ya kutumia), andika `aplay -l`. Kadi ikiwa haimo kabisa, tatizo liko kwenye kenel (kiini cha Linux) au femwea (programu ya ndani ya kifaa), kwa hiyo kuhangaika na vitufe vya sauti ni kupoteza muda.

3. Printa

`lpstat -t` inaonyesha hali na foleni. Ikisema "disabled": `cancel -a` kufuta kazi zilizokwama kwenye printa zote, kisha `sudo cupsenable JINA_LA_PRINTA`. Kuichomoa waya na kuirudisha hakutoshi, maana CUPS (huduma ya mfumo inayosimamia uchapaji) yenyewe ndiyo iliyoisimamisha.

HP LaserJet P1102 na ndugu zake zinahitaji plagini (programu ya nyongeza) ya HP juu ya hplip (programu ya kuendesha printa za HP): `sudo apt install hplip`, kisha `hp-plugin`, kisha `hp-setup -i`.

MASWALI

Swali: Mkuu sauti haitoki, msaada tafadhali.
Jibu: Toleo gani? Leta majibu ya `aplay -l` na `pactl info`.

Swali: Nimefanya zote hakuna kitu. Hii Linux bure tu.
Jibu: Zote zipi? Umeandika `sudo systemctl --user`, inaonekana kwenye picha yako mwenyewe. Rudia hatua ya 2 kama ilivyoandikwa.

Swali: Naomba kuelewa, kwa nini kwenye sauti sudo inakataliwa? Nilidhani ikiwa na nguvu zaidi ndiyo bora.
Jibu: Swali zuri sana, dada. Huduma ya sauti ni ya mtumiaji aliyeingia, si ya mashine nzima. `--user` inaongea na kikao cha anayeitoa amri. Ukitanguliza sudo, anayeitoa ni root, ambaye hana kikao, ndiyo maana unapata "Failed to connect to bus". Ubaya zaidi ni kuwasha `pulseaudio` yenyewe kwa sudo: root anaishika kadi, wewe unabaki na Dummy Output. Angalia nani ameishika kwa `sudo fuser -v /dev/snd/*`.

Swali: P1102 ilikuwa inachapa vizuri, baada ya kusasisha mfumo imekufa.
Jibu: Plagini lazima ilingane na toleo la hplip. Hplip imepanda, plagini imebaki nyuma. Endesha `hp-plugin` tena.

Swali: Yangu inachapa ila kila kazi inasimama, taa ya chungwa inawaka, nikibonyeza kitufe inaendelea.
Jibu: Kaka, hiyo ni saizi ya karatasi. Foleni imewekwa Letter (saizi ya Marekani), wewe umeweka A4, printa inasubiri uikubalie. `sudo lpadmin -p JINA_LA_PRINTA -o PageSize=A4`. Kagua na ndani ya LibreOffice, maana waraka uliotengenezwa kwa Letter unabaki Letter hata foleni ikiwa A4.