Unaomba UDSM na unatokea Mbeya au Iringa? Jua kwanza unaomba wapi

Kila mwaka matokeo ya form six yakitoka wadogo zangu wa Uyole, Tukuyu, Ilula, Mafinga wananipigia simu na swali ni lile lile, kaka nataka UDSM, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nafanyaje. Nikiuliza kozi gani na kampasi gani, kimya. Mtu anaijua Nkrumah Hall kwenye picha ila hajui kwamba kipande cha chuo hicho hicho kipo Iringa na kingine kipo Mbeya mjini, pembeni ya hospitali ya rufaa anayopita kila siku. Kwaiyo naandika hapa mara moja, soma yote ndo uanze kujaza.

Anza na historia kidogo, inasaidia kwenye kuchagua. Chuo kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi hawafiki hata 20. 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, halafu 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe kama chuo cha taifa. Baada ya hapo kikawa kama mama anayeozesha mabinti. Kilimo kikatoka 1984 kikawa SUA pale Morogoro, 2007 Muhimbili ikatoka ikawa MUHAS na Ardhi nayo ikawa chuo chake. Sasa shika hapo kwenye Muhimbili, maana ndo sababu leo ukisema unataka udaktari wa UDSM husomei Dar, unasomea Mbeya. Chuo kilipobaki bila kitivo cha tiba kikaanzisha kingine huku kwetu, kinaitwa MCHAS, na wanafunzi wa MD, yaani udaktari wa binadamu, wanafanya mazoezi Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kuna dogo wa Mbalizi alilia kabisa kuona kapangiwa Mbeya akadhani kakosea, kumbe hakukosea kitu.

Iringa nako kuna MUCE, yaani Mkwawa, kilichokuwa shule ya sekondari Mkwawa, kikageuzwa chuo kishiriki 2005, mwaka mmoja na DUCE, chuo kishiriki kingine cha ualimu kilichopo Chang'ombe Dar, kwa ajili ya kupata walimu wa sekondari haraka maana shule za kata zilikuwa zinafumuka kila kona. Ukimaliza Mkwawa degree yako ni ya UDSM, usisikilize wanaosema ni ya daraja la pili. Mi nawaambia watu wa kusini, kama unataka ualimu na hela ya nyumbani ni ya kubana, Mkwawa iweke juu kabisa. Hulipi nauli ya kwenda hadi Dar, hupangi chumba kwa bei za Dar, na debe la mahindi kutoka nyumbani linakufikia kwa basi siku hiyo hiyo.

Sasa Mlimani kwenyewe, yaani kampasi kuu ya Dar. Usikitazame kama shule moja kubwa, ni ndaki na shule nyingi kila moja na utaratibu wake: uhandisi ni CoET, kompyuta na mawasiliano ya simu ni CoICT ambayo haipo hata Mlimani, ipo Kijitonyama, uandishi wa habari upo Mikocheni, biashara ni UDBS, halafu kuna sheria, sayansi asilia, sayansi za jamii, insia (lugha, historia, sanaa), elimu, na kilimo ambacho kilianzishwa upya baada ya kile kilichoenda SUA. Sayansi za bahari wana taasisi Zanzibar. Kiswahili wana TATAKI, ambayo zamani ilikuwa TUKI, hawa ndo walioandaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 mliyoikuta shuleni. Hapo ndo utaelewa maana ya chuo cha utafiti, yule anayekufundisha asubuhi mchana anaandika kamusi au anapima madini au anachunguza maji, na wewe ukiwa na bidii mwaka wa tatu unaweza kuomba ukabebe vifaa vya utafiti na ukajifunza kitu ambacho lecture haikupi. Mtu wetu Tulia Ackson wa Rungwe, aliyewahi kuwa Spika wa Bunge, alisoma sheria pale akarudi kufundisha pale pale kabla hata hajafika bungeni, kwaiyo njia ipo.

Kuhusu miaka, nyingi ni mitatu, sheria na uhandisi minne, MD mitano ukiacha internship. Ongea na mzazi hili mapema, mzee akishapanga hesabu ya miaka mitatu halafu unamwambia bado miwili inaleta maneno nyumbani.

Haya kuomba. Siku hizi unaomba chuoni moja kwa moja mtandaoni, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wao wanasimamia na wanatoa guidebook yenye kozi zote na vigezo. Pakua hiyo guidebook, hiyo ndo biblia yako. Kigezo cha jumla kwa form six ni principal mbili (masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, ila hicho ni cha chini kabisa na kila kozi ina masharti yake, MD kwa mfano lazima fizikia, kemia na baiolojia zote tatu ziwe principal. Kufikisha kigezo siyo kuchaguliwa, watu ni wengi nafasi chache, wanachukua kuanzia juu. Kwaiyo panga chaguo zako hivi, moja unayoitamani kabisa, zinazofuata zile ambazo pointi zako zinazimudu kweli. Na angalia jina la kampasi mbele ya kozi, ualimu wa Mlimani na ualimu wa Mkwawa ni nafasi tofauti, usidhani ukijaza mmoja umejaza wote.

Jaza mwenyewe. Nasema kwa uchungu, binamu yangu alimwachia kijana wa steshenari moja akajaza, namba ya simu ikawekwa ya yule kijana, dogo akachaguliwa vyuo viwili, namba ya siri (code) ya kuthibitisha ikaenda kwenye simu isiyo yake na muda ukapita. Mwaka mzima akakaa nyumbani analima viazi. Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja ndani ya muda, usipothibitisha nafasi inaenda. Kwaiyo namba yako, email yako, password andika kwenye daftari.

Mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, nao usiusubirie majibu ya chuo, dirisha lake linaendelea sambamba. Hapa kinachoangusha watu wa vijijini ni cheti cha kuzaliwa. Lazima kihakikiwe RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, na majina yafanane na ya cheti cha form four. Huku kwetu mtu shuleni anaitwa jina la babu, kwenye cheti kaandikwa jina la baba, kubatizwa jina lingine, hiyo ishu inakula wiki na wiki. Ianze mwezi wa tano au wa sita, kabla hata matokeo hayajatoka. Utahitaji pia mdhamini, na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na wa hakimu au wakili. Kama nyumbani mko TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini, au mzazi amefariki, ambatanisha uthibitisho, usione aibu, hayo ndo yanayoangaliwa. Na kama ulipiga sana masomo ya sayansi ulizia Samia Scholarship, ufadhili wa serikali.

Ukifika, coursework (test na kazi za darasani) ni 40 na UE, mtihani wa mwisho wa semester, ni 60, A inaanzia 70. GPA, yaani wastani wa alama zako, ni ya 5, first class ni 4.4 kwenda juu, upper second 3.5. Wengi wetu tuliotoka shule za huku tunazubaa semester ya kwanza kwa sababu hakuna anayekufuata, halafu GPA ya mwanzo inakuvuta chini miaka yote. Test ya kwanza ichukulie kama NECTA. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2018 ni kubwa sana, wahi.

Chumba: omba hostel mapema, zile za Magufuli zinachukua wanafunzi 3,840 ila bado hazitoshi, wengine wanapanga Msewe au Changanyikeni. Usitume hela ya chumba ambacho hujakiona, muulize mtu wa kwenu aliyeko pale akuonee. Basi la Mbeya linakushusha stendi ya Mbezi, mara nyingi usiku, kwaiyo awepo mtu wa kukupokea, vyeti halisi viwe kwenye begi dogo la mapajani siyo kwenye buti. Blanketi zito acha nyumbani. Wa Mkwawa na wa Mbeya, nyie chukueni mawili.