Namna ya Kusoma Riwaya ya Mapenzi Iliyozaliwa na Ngano

Msomaji wa Uganda anayefungua riwaya ya vijana yenye mwana wa mfalme aliyerogwa na binti anayempenda asivyotarajia hana sababu ya kujiona mgeni humo, maana ufunguo wake alikwisha kupewa utotoni, aliposimuliwa ngano ya Baganda ya Kintu, mtu wa kwanza, na Nambi, binti wa mbinguni.

Ikumbuke ngano hiyo kabla ya kuanza kusoma. Nambi alimpenda Kintu, lakini baba yake, Ggulu, hakukubali kumtoa mpaka Kintu aliposhinda majaribio, likiwamo la kumtambua ng'ombe wake katikati ya kundi kubwa, ambapo nyuki ndiye aliyemsaidia. Kisha, wakiondoka mbinguni kwenda duniani, wakapewa sharti wasirudi nyuma kwa lolote lile. Nambi akarudi kuchukua nafaka ya ulezi ya kumlisha kuku wake, na Walumbe, ambaye ndiye mauti, akawafuata duniani. Basi katika riwaya yako tafuta mambo hayo hayo: jaribio, msaidizi mdogo asiyetiliwa maanani, na hasa sharti. Ukilipata, liandike kwenye karatasi ya kuwekea alama, kwa sababu karibu kila mara litavunjwa, na utamu umo katika kungoja litavunjwa na nani, tena kwa kosa dogo kiasi gani.

Riwaya nyingi za aina hii zimejengwa juu ya ngano ya Mrembo na Mnyama, iliyoandikwa Ufaransa na Gabrielle-Suzanne de Villeneuve mwaka 1740, kisha ikafupishwa na Jeanne-Marie Leprince de Beaumont mwaka 1756. Anza na huo ufupisho, ambao humalizika kwa kikao kimoja, ili baadaye uone mwandishi wa leo amebadili nini.

Majina magumu na ramani ya mwanzoni visikusumbue, utavizoea. Mapenzi yenyewe ndiyo ya kusomwa polepole, na anayeruka kurasa ili afikie busu hupata busu tupu. Katika ufupisho ule kila jioni Mnyama humwomba binti akubali kuolewa naye, na binti hukataa, lakini siku binti anapotamani kumwona baba yake mgonjwa, Mnyama humruhusu aende. Mimi huhesabu mapenzi kuanzia hapo, wala si kwenye karamu na mavazi. Ukifika mahali kama hapo katika riwaya yako, rudia ukurasa huo, ikiwezekana kwa sauti, nduguzo wakisikiliza.