Umeshapungua uzito: namna ya kupata kalori za kubaki hapo

Somo hili ni la aliyefika uzito alioutaka na sasa anaogopa kuongeza hata tonge moja. Andaa mizani ya mwili, mizani ndogo ya jikoni, kijiko cha chakula na daftari. Vikokotoo vya intaneti vinavyouliza umri na urefu hutoa makadirio tu. Daftari lako lina jibu la karibu zaidi.

1. Tafuta namba yako. Kwa wiki tatu kula vilevile ulivyokuwa ukila wakati wa kupungua, uandike kila kitu. Jipime kila asubuhi ukitoka msalani, kabla ya chai. Chukua wastani wa wiki ya kwanza, utoe wa wiki ya tatu, gawa kwa 2: hizo ndizo kilo unazopungua kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7,700, yaani 1,100 kwa siku ukigawa kwa 7. Anayekula 1,500 na kupungua kilo 0.4 kwa wiki anahesabu 0.4 × 1,100 = 440. Kalori zake za kubaki hapo ni karibu 1,940.

2. Ongeza nusu kwanza. Kwa mfano huo ni 220, sawa na gramu 60 za unga wa dona. Baada ya wiki mbili ongeza nusu iliyobaki.

Mizani inaweza kupanda nusu kilo hadi kilo moja na nusu siku za mwanzo. Hayo si mafuta. Ini na misuli vinarudisha akiba ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo hushika karibu gramu 3 za maji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanashtuka, wanakata chakula, wanarudi mwanzo. Tafadhali vumilia.

3. Weka mstari. Uzito uliotulia baada ya maji kurudi ndio mstari wako. Wastani ukizidi mstari kwa kilo moja na nusu wiki mbili mfululizo, punguza 150. Ukiendelea kushuka, ongeza 150.

Namba ikikataa kabisa, chunguza sufuria kabla ya kulaumu mwili. Kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti kina kalori 120, na anayemimina kwa macho humimina vitatu bila kujua. Mlenda wenyewe una kalori chache mno, lakini ukiuunga kwa karanga za kusaga gramu 50 umeongeza karibu 280.

Maswali ya wanachama

*Nkuhungu: Tunakula sinia moja watu watano. Nipimeje?*
Pima unga ukiwa mkavu. Gramu 600 ni kama kalori 2,160. Songa, kisha pima ugali wote bila sufuria. Ukiwa gramu 1,800, kila gramu 100 ina 120. Kata kipande chako, kipime, kiweke upande wako wa sinia. Mboga chota yako mapema kwenye bakuli. Usitumie hesabu ya jana: ugali mgumu una maji machache, kwa hiyo kipande cha uzito uleule kina kalori zaidi.

*Mpwapwa: Mvua zikianza nashinda shamba na jembe. Namba inabaki ileile?*
Haibaki, kaka. Ongeza 200 hadi 300, angalia wastani wa wiki mbili, rekebisha. Kilimo kikiisha ziondoe wiki hiyohiyo. Ukichelewa, kilo zinarudi polepole bila wewe kuziona.

*Kibaigwa: Natumia insulini. Nifuate hatua hizi?*
Ongea na kliniki yako kwanza, dada. Dozi hupangwa pamoja na wanga unaokula. Ukibadilisha kimoja peke yake sukari itayumba.

*Area C: Kila mwezi kuna wiki napanda karibu kilo nzima.*
Ni maji ya kabla ya hedhi. Linganisha wiki hiyo na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, usiilinganishe na wiki iliyotangulia.