Somo: Kuomba residensi ya wahakiki vijana wa muziki, na kuitumia ukiipata

Nimeulizwa mno, kwa simu na hata nikiwa kwenye foleni ya chapati pale Barabara ya Nane, hapa Tanga: hiyo residensi uliyokwenda ni kitu gani, na mtu huipataje? Leo nimekaa nimeandika yote kwa pamoja ili nisirudie.

Residensi, kwa maneno ya kawaida, ni kupewa chumba, muda na posho ili ufanye kazi yako moja bila kukimbizana na mambo ya nyumbani. Hii ninayoisema ni ya vijana wanaohakiki muziki: unatafiti, unaandika, na kuna mhariri amekukalia kooni. Wiki tatu au mwezi, ni nadra kuzidi hapo. Usitegemee mtu wa kukufundisha ubaoni, na usiende ukidhani ni likizo.

Hatua ya 1: Soma tangazo hadi mwisho, na lichunguze neno "kisasa"

Hapa ndipo nilipoteleza. Kwetu muziki wa kisasa ni bongo fleva, ni singeli, ni taarab ya magitaa. Ulaya, wakitaja muziki wa kisasa kwenye matangazo kama haya, mara nyingi wanakusudia muziki unaotungwa leo kwa nota, wa vyombo vya nyuzi, wa kwaya, wa kompyuta. Ni ule wa Darmstadt, Ujerumani, ambako kozi za kiangazi za muziki huo zilianza mwaka 1946. Maombi yangu ya kwanza yalikwenda kwenye programu ya namna hiyo, nami nimejaza kurasa tatu za mavazi ya waimbaji wa taarab. Nilijibiwa mistari miwili. Haki yao.

Si kwamba huko hatuna la kusema. Justinian Tamusuza wa Uganda alitunga kazi ya vyombo vinne vya nyuzi yenye asili ya muziki wa Kiganda, na kundi la wapiga nyuzi wanne la Marekani, Kronos Quartet, wakairekodi kwenye albamu ya *Pieces of Africa*, 1992. Kijana wa Bagamoyo aliyekua akisikia zeze na ilimba (ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba) za ukoo wa mwanamuziki Hukwe Zawose atasikia humo mambo ambayo mhakiki wa Berlin yatampita. Liandike hilo kwenye barua yako. Lakini andika unachokisikia, maana "mimi natoka Pwani" peke yake hakumsaidii msomaji.

Hatua ya 2: Tafuta swali dogo

"Historia ya taarab Tanga" si swali, ni maktaba nzima. Kila mwombaji wa kwetu huanza na Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa Tanga, jinsi walivyoingiza magitaa na bezi kwenye taarab, kisha anamtaja mwimbaji Shakila, mzaliwa wa Pangani aliyeziimbia zote mbili, kisha wino unakauka. Hayo ni kweli tupu, ila mtu wa kamati ameshayasoma mara ishirini.

Swali langu nililiokota harusini Makorora. Wiki ile nilikuwa nimekaa kwenye mazoezi ya kikundi hichohicho, na wimbo mmoja waliupiga kiitikio mara nne, wakafunga. Harusini wimbo uleule, nikahesabu kwa vidole: mara kumi na moja. Kwa nini? Kuna mama mmoja mwenye kitenge cha njano aliinuka kutoka nyuma kabisa, noti ya elfu mbili ameibana kati ya vidole viwili, akawa anakuja kutunza. Hakuja kwa haraka. Anacheza hatua mbili, anasimama, anamwangalia mtu fulani upande wa pili (nyote mnajua kwa nini), anacheza tena. Mpiga kinanda akamwona. Akampa bezi ishara ya kidevu, wakarudi kiitikio, wakarudi tena, hadi mama akafika jukwaani. Mwimbaji alipopokea ile noti tu, beti jipya likaanza.

Basi swali likawa: wimbo wa taarab ukiwa jukwaani, nani anaamua urefu wake? Mtunzi, bendi, au mwenye hela mkononi? Sentensi moja, na inafanyika kwa mwezi mmoja. Ukikuta swali lako linahitaji "na pia" mbili, likate.

Hatua ya 3: Sampuli ya maandishi

Kwangu hapa ndipo maombi yanapopata au kukosa. Tumezoea kuhakiki maneno ya wimbo na maisha ya mwimbaji, yaani kaachana na nani na kiki imetoka wapi. Sauti yenyewe hatuigusi. Hii ilikuwa sentensi yangu ya kwanza:

"Wimbo huu ni mzuri na wa kuvutia na ujumbe wake unaelimisha jamii."

Hiyo unaweza kuibandika kwenye wimbo wowote duniani, hata tangazo la sabuni. Nilirudi nikasikiliza mara sita, simu nimeiweka mbali, nikaandika:

"Bezi inaanza peke yake, sauti tatu zikishuka, kisha inanyamaza. Mwimbaji hangoji ngoma. Anaingia kwenye ule ukimya kwa sauti ya chini, kama anayemnong'oneza mtu wa jikoni."

Haina msamiati wa chuoni. Ila sasa msomaji ambaye hajausikia wimbo ana kitu cha kushika.

Nitoe mfano wa jirani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Dar es Salaam, na wageni wakaanza kuandika. Waliandika kasi. Kasi, kasi, kasi, mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Kasi ipo, ni kweli. Lakini aliyecheza singeli uswahilini anajua miguu haifuati kila pigo, na anajua MC anapumulia wapi. Hayo bado hayajaandikwa ya kutosha, na wa kuyaandika ni nyinyi.

Hatua ya 4: Karatasi

Wasifu ukurasa mmoja. Barua mbili za watu wanaoijua kazi yako kweli, si mheshimiwa asiyekujua. Na saa: tangazo likisema mwisho ni saa sita usiku ya Berlin, kwetu ni saa saba wakati wa kiangazi chao na saa nane wakati wa baridi. Usiulalie huo muda wa ziada, tuma siku mbili kabla.

Hatua ya 5: Ukishaipata

Wiki ya kwanza usihoji mtu. Kaa, sikiliza, jaza daftari. Ukienda mtaani kwa watu, pita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa na barua yako, kisha kwa mkubwa wa kikundi. Kurekodi omba ruhusa kila siku, hata kama jana walikubali.

Halafu zoea kuandika usiku uleule. Chuo cha Oberlin, Marekani, mwaka 2012 walianzisha taasisi ya kuwanoa wahakiki vijana: kijana alisikiliza onyesho, akaandika usiku, na kazi yake ikachambuliwa hadharani na wahakiki wazoefu. Mhariri wangu alikuwa na tabia hiyohiyo. Asubuhi ya kwanza alifuta kila neno "sana" kwenye ukurasa wangu. Yalikuwa kumi na manne. Niliona haya hadi chai ikapoa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Muheza: *Dada, sijui kusoma nota hata moja. Nijisumbue?*

Jisumbue. Kwa taarab, dansi na singeli hutaulizwa nota, utaulizwa masikio. Kwa muziki ule wa Darmstadt itakubana kidogo, lakini jifunze kutaja vyombo kwa sauti zake na kuhesabu mapigo. Anza na redio ya nyumbani.

Mwanachama, Bagamoyo: *Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Fomu zote ni za Kiingereza.*

Waandikie waratibu uwaulize kama wanapokea sampuli kwa Kiswahili ikiambatana na tafsiri. Baadhi hukubali. Andika kwanza kwa Kiswahili hadi iive, ndipo mtafute wa kutafsiri. Na usiiache programu ya kompyuta ikuandikie sampuli nzima, maana itakurudishia ile "ujumbe unaelimisha jamii" ikiwa imevaa suti.

Mwanachama, Mikanjuni: *Shikamoo dada. Baba hataki nilale ugenini mwezi mzima na watu asiowajua.*

Marahaba mdogo wangu. Mzee hajakosea. Mwombe mratibu ampigie. Wangu aliongea na mama karibu nusu saa, na nadhani waliongea mapishi zaidi ya muziki. Wewe uliza: chumba ni cha peke yangu? Kinafungwa kwa ndani? Funguo ya pili anayo nani? Wakichukia kuulizwa, achana nao.

Mwanachama, Korogwe: *Wameniambia nitume elfu hamsini ya fomu kwenye namba ya simu.*

Usitume. Ziko programu za kweli zinazotoza ada ndogo, lakini huilipi kwenye namba ya mtu binafsi.

Mwanachama, Pongwe: *Kiongozi wa bendi anataka nimlipe ndipo azungumze.*

Muda wake ni kazi, na amehojiwa na wengi walioondoka na sauti yake bila kurudi. Hela ya kununua maneno usitoe. Nauli, chakula, nakala ya rekodi na ya makala, toa. Mwambie mapema kwamba hata ukila naye pilau, onyesho likiwa baya utaandika baya. Mimi kuna kiongozi mmoja sikumwambia hilo, na mpaka leo tukikutana sokoni anapitia upande wa samaki.

Mwanachama, Chumbageni: *Binti yangu, umeandika magitaa na bezi kana kwamba Black Star walibadilisha vyombo tu. Mapigo nayo yalibadilika. Sisi tulikuwa tunacheza rumba na chacha ndani ya taarab, na wazee wetu walinuna.*

Shikamoo mzee wangu. Umenisahihisha mbele ya watu na nimekubali, nitaongeza pale Hatua ya 2. Hilo la wazee kununa sijaliona limeandikwa mahali. Jumamosi baada ya alasiri nitapita nyumbani, ukiniruhusu nije na kinasa sauti.