Jinsi ya kuchora ramani ya chimbuko la Waberber

Chukua ramani ya Afrika Kaskazini yenye majina ya vijiji. Yenye miji mikuu peke yake haitakufaa. Tia alama mipaka minne ya eneo la Waberber, wenyeji wa asili wa Afrika Kaskazini: oasisi ya Siwa nchini Misri, Visiwa vya Kanari, pwani ya Mediteranea, na mto Niger wanakofika Watuareg, Waberber wa jangwa la Sahara.

Paka rangi maeneo ambako lugha za Kiberber zinasemwa hadi leo: Rif, Atlas na Souss (Moroko), Kabylie, Aurès na Mzab (Algeria), Djerba (Tunisia), Jebel Nafusa (Libya), kisha jangwa la Watuareg. Utapata mabakamabaka. Hapa wengi huteleza, wakidhani penye pengo hawakuwepo Waberber. Baada ya Waarabu wa Banu Hilal kuingia karne ya 11, watu wengi wa tambarare walihamia Kiarabu bila kuhama makwao.

Mapengo hayo yajaze kwa majina ya mahali. Tafuta tizi (njia ya kuvukia mlima), ifri (pango), adrar (mlima), na majina yanayoanza na kuishia na t, kama Tafilalt. Hesabu makundi ya majina. Moja pekee lisikushawishi. Agadir, kwa mfano, huhusishwa na neno la Kifinisia, lugha ya wafanyabiashara wa kale waliotoka pwani ya Lebanoni.

Sasa ongeza tarehe. Jiwe la Dougga, Tunisia, la mwaka 138 KK, lina maandishi ya Kipuniki (Kifinisia cha Karthago) na ya Kilibya cha kale (lugha ya jamaa ya Kiberber) yanayomtukuza Massinissa, mfalme wa Numidia; kulinganisha lugha hizo mbili kulisaidia kufungua usomaji wa herufi za Kilibya. Mifupa ya pango la Taforalt, Moroko, ina umri wa miaka 15,000 hivi, na DNA yake inaonyesha kwamba sehemu ya nasaba ya watu wa leo ni ya hapohapo. Usiandike kwamba watu wale walisema Kiberber: mifupa haitaji lugha.

Nasaba zinazodai kwamba Waberber walitoka Yemeni ziweke pembeni ya ramani, kama masimulizi. Mwanahistoria Ibn Khaldun (1332–1406) alishayakataa madai kwamba wafalme wa Yemeni waliivamia Maghrib (Afrika ya kaskazini-magharibi), kwa hoja nzuri sana: jeshi kubwa kiasi hicho lingelazimika kupita Sham (eneo la Siria) na Misri, kula mazao ya wenyeji na kupigana nao, na hakuna habari yoyote ya vita hivyo.