Kamera ya porini ipime jioni

Chui haji kwenye chambo, ile nyama inayofungwa mtini kumvuta, saa sita mchana. Katika vitalu vya uwindaji vya Rungwa, kaskazini mwa Ruaha, nilikowapigia video wageni wanaokuja kuwinda kwa misimu tisa, mara nyingi tulimwona jua likiwa limeshazama, muda ambao matawi ya mti yanaanza kugeuka kitu kimoja cheusi. Hapo una dakika kumi, pengine kumi na tano. Kamera ikianza kuonyesha chengachenga muda huo, safari nzima ya mgeni imekosa picha yake kubwa.

Kwa hiyo kijana akinipigia kuniuliza anunue kamera gani, sianzi na jina. Namwambia aende dukani saa kumi na mbili jioni, amwombe muuzaji atoke nayo barazani, aielekeze kwenye kona yenye kivuli, avute zumu mpaka mwisho na kurekodi dakika moja. Kisha aitazame hiyo dakika kwenye kompyuta. Kioo cha inchi tatu kilicho ubavuni mwa kamera kinaficha mengi.

Kinachoamua hapo ni vitu viwili: ukubwa wa sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, na uwazi wa lenzi ikiwa imevutwa. Muuzaji atakutajia wingi wa zumu kwa sababu ndiyo namba kubwa kwenye boksi. Chukua Nikon P1000: zumu yake ni mara 125, na mchana kweupe inakuletea kundi la pofu lililo ng'ambo ya mbuga hadi uhesabu pembe. Lakini sensa yake ni ndogo kuliko ukucha wa kidole, na zumu ikifika mwisho lenzi inabana hadi f/8 (namba ya f ikipanda, mwanga unaoingia unapungua). Jioni haifai. Sony RX10 IV ina zumu mara 25 tu, ila sensa ni ya inchi moja na lenzi haibani kupita f/4. Kutoka maficho, kibanda tunachojibanza kumsubiri mnyama, hadi mti wa chambo kwa kawaida ni mita 50 hadi 80, kwa hiyo mara 20 inakutosha kabisa. Zumu ya kidijitali izime siku unayoinunua. Inakuza chengachenga tu.

Ukishaipenda picha, geuka kwenye mambo madogo, maana ndiyo yanayofukuza mnyama. Msimu wangu wa kwanza nilibonyeza kurekodi na kamera ikalia "pii". Chui dume alikuwa ameshaweka miguu ya mbele kwenye tawi. Aligeuza kichwa, akatutazama, akashuka, na hakurudi siku nne tulizobaki. Mwindaji bingwa, yule anayeongoza safari, hakunisema neno, na kimya kile nakikumbuka mpaka leo. Hivyo kabla ya kulipa, hakikisha kamera inakubali kuzimwa milio yote, pamoja na ile taa nyekundu ya mbele inayowaka ikirekodi. Iwe pia na kitundu cha kuchungulia kwa jicho, kwa kuwa ndani ya maficho kioo kikiwaka kinamulika uso wako wote.

Tafuta vilevile kamera inayorekodi nyuma: inakuwa imeshashika sekunde chache kabla hujabonyeza. Nyati akichomoka kichakani, sekunde hizo ndizo video yenyewe.

Maiki ya nje ivalishe manyoya ya kuzuia upepo. Msoma nyayo anapotikisa kifuko chake cha majivu kupima upepo, nami hutazama majivu yanaelekea wapi, nikajua upande utakaopiga maiki. Mkoba nunua wa kaki au kijani. Mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo; ukivaa mkoba mweusi utakaa unapiga mikono badala ya kushika kamera.

Kadi za kumbukumbu usizibanie hela. Niliwahi kuuziwa kadi iliyoandikwa GB 128 ambayo ilijaa mapema na kuanza kufuta kazi ya asubuhi. Siku hizi kila kadi mpya naijaza yote nyumbani, naangalia faili la mwisho kama linafunguka, ndipo inaingia kwenye begi. Video ya 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hula takriban GB 45 kwa saa, kwa hiyo GB 128 ni karibu saa mbili na dakika hamsini. Chagua yenye alama ya V30, yaani inayoandika bila kushuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde.

Sasa kamera za kutega, zile unazofunga mtini ukaziacha. Hizi ndizo zinazolinda msimu, na nawaomba watu wasizichukulie kama mapambo. Simba dume anayewindwa Tanzania anatakiwa awe na miaka 6 au zaidi, na uamuzi huo haufanywi kwa kubahatisha ukiwa umeshika bunduki. Unamfuatilia siku kadhaa kwenye chambo. Pua yake huzidi kuwa nyeusi kadiri anavyozeeka, lakini picha ya usiku ya kamera hizi ni nyeusi na nyeupe, usiiamini kwa rangi ya pua. Itumie kujua anakuja saa ngapi, yuko na nani, ana makovu gani. Pua ihakikishe kwa video ya mchana.

Ukinunua, uliza taa yake ya usiku. Ni taa ya infraredi, na hupimwa kwa nanomita, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake. Ya nanomita 850 inafika mbali ila mnyama akiitazama anaweza kuona mng'ao hafifu. Ya 940 haionekani ila inafika karibu zaidi. Kwa chui mimi natumia 940. Ifunge isitazame mashariki wala magharibi, jua la asubuhi na jioni litaunguza picha. Fyeka nyasi zote mbele yake, la sivyo utarudi na picha elfu za majani yakicheza. Na ujue inahisi tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira, hivyo adhuhuri ya Oktoba, ardhi ikiwa ya moto kama mnyama mwenyewe, wengi watapita isiwaone. Iweke ndani ya boksi la chuma, fisi hutafuna.

Droni iache nyumbani kama huna vibali mkononi.

Na kabla hujamtumia mtu kipande chochote, zima GPS ya kamera na ya simu. Faili linabeba mahali ulipopigia, na tembo mwenye pembe ndefu anaweza kufuatwa na jangili kwa video uliyoirusha kwa nia njema. Mimi hukata hata sehemu zinazoonyesha mlima au mto unaotambulika.